Gari ya Kimarekani na Gari ya Kijapani: Ipi Hudumu, na kwa Sababu Gani

Ndugu wanachama,

Kila baada ya vuno kubwa afisi yetu hupokea suali moja kwa namna mbali mbali. Fedha za karafuu zimo mkononi, mwanachama anataka gari ya kuchukulia magunia kutoka shamba mpaka kituoni, je, anunue ipi? Mara nyingi suali hilo huja na jawabu lake ndani, maana muulizaji ameshasikia barazani kwamba gari ya Kijapani haifi, na ya Kimarekani ni ya kujionyesha tu. Wako wazee wachache wanaoshika kinyume chake, na hao husema chuma cha Marekani ni chuma khasa, na cha Japani ni bati. Kila mmoja ana ushahidi wake na kila mmoja ana jirani wa kumtaja. Nimeona bora niandike kwa urefu kidogo, kwani kosa la kununua gari hulipwa kwa misimu mingi, na misimu mingine, kama tujuavyo, mikarafuu haizai.

Kwanza tukubaliane juu ya maana. Tunaposema gari ni ya kutegemewa hatuna maana kuwa ina nguvu, wala ina sura nzuri, wala mwendo. Maana yake ni kuwa ukiiwasha asubuhi inawaka, na kuwa gari mia za namna ile zikitazamwa baada ya miaka mitano, zilizokwama njiani zitakuwa chache. Hilo neno "mia" ndilo zito. Gari moja ya jirani iliyodumu miaka ishirini haitoshi kuwa ushahidi, kama vile mkarafuu mmoja uliojaa hautuambii shamba zima limezaaje. Huko Marekani wako wanaofanya kazi hii ya kuhesabu kwa miaka mingi. Jarida la Consumer Reports huwauliza wasomaji wake kila mwaka ni kitu gani kimeharibika katika gari zao, na kampuni ya J.D. Power hufanya kazi iliyo karibu na hiyo. Kwa hesabu zao, tangu miaka ya 1980 gari za Kijapani kwa jumla zimekaa juu, na Toyota pamoja na Lexus yake hazikosekani karibu na kilele. Gari nyingi za Detroit zimekuwa chini yake, ingawa nafasi iliyo baina yao imepungua sana kuliko zamani.

Hilo ndilo jawabu fupi. Lakini mwenye kulichukua hilo peke yake atanunua jina, na jina halipandi mlima na magunia.

Wala mambo hayakuwa hivi tangu asili. Ford Model T, iliyotengenezwa tangu 1908 mpaka 1927, zaidi ya gari milioni 15, iliundwa kwa njia mbovu za mashamba ya Marekani, na mkulima aliweza kuitengeneza mwenyewe uwanjani kwake. Wajapani wenyewe wakati huo walipanda gari za Kimarekani. Ford iliziunganisha Yokohama tangu 1925 na General Motors iliziunganisha Osaka tangu 1927, hata serikali ya Japani ikatoa sheria mwaka 1936 kuzibana kampuni za kigeni ili za kwao zipate kukua. Na Toyota ilipojaribu kwenda kuuza gari Marekani mwaka 1957, ilirudi na aibu. Gari yake ya Toyopet Crown ilikuwa imeundwa kwa njia za Japani za siku zile, njia za mwendo mdogo. Katika barabara kuu za California ilipata moto, ikatetemeka, na milimani ikachoka. Mwaka 1958 ziliuzwa gari 288 tu, na moja katika hizo ilikuwa Land Cruiser. Baada ya muda mfupi Crown ikaondolewa sokoni. Basi anayesema kuwa Mjapani huzaliwa na spana mkononi, ajue kwamba Wamarekani wa 1958 wangalimcheka.

Kilichotokea ni kuwa Wajapani walibadilisha namna ya kufanya kazi, na fikra mbili ndizo zilizokuwa mzizi wake.

Ya kwanza ilitoka katika nguo. Mzee Sakichi Toyoda alikuwa mtengenezaji wa mitambo ya kufumia, na mtambo wake maarufu wa mwaka 1924 ulikuwa na jambo moja la ajabu: uzi mmoja ukikatika, mtambo husimama wenyewe. Mitambo mingi mingine iliendelea kufuma, ikatoa nguo ndefu yenye dosari mpaka mtu aje aione. Mwanawe Kiichiro alipoanzisha kampuni ya gari mwaka 1937, fikra ile iliingia nayo, yaani afadhali kazi isimame kuliko kasoro ipite. Katika viwanda vya Toyota iliwekwa kamba juu ya mstari wa kuundia gari. Mfanyakazi yeyote, hata mdogo wao, akiona nati haikukaa vizuri huivuta, kiongozi wa kundi lake humjia, na ikiwa jambo halikutengenezeka upesi mstari mzima husimama. Kisha huulizwa kwa nini nati ile haikukaa, na kwa nini tena, mpaka chanzo kipatikane.

Fikra ya pili ililetwa na Mmarekani. Mwaka 1950 jumuiya ya wanasayansi na mainjinia wa Japani ilimwalika W. Edwards Deming, mtaalamu wa takwimu, awafundishe. Aliwaambia kuwa kasoro haziondolewi kwa kuweka wakaguzi mwisho wa kazi. Huondolewa kwa kuifanya kazi yenyewe iende kwa usawa, leo kama jana, mfanyakazi huyu kama yule. Mwaka 1951 wakaanzisha tunzo kwa jina lake. Nissan ikaipata 1960, na Toyota 1965. Nchini kwake mwenyewe watu wa kawaida hawakumjua mpaka mwaka 1980, televisheni ya huko ilipomwonyesha.

Neno hili la usawa nataka tulielewe vyema, maana ndilo kiini cha mas'ala yote, na sisi tunalo mfano wake mlangoni. Mwanachama akipeleka magunia kumi, tisa yakiwa makavu ya rangi moja na la kumi limevunda, mnunuzi huyatilia shaka yote kumi. Mwenzake akipeleka magunia kumi ambayo hakuna hata moja la kushangaza kwa uzuri, lakini yote ni sawa sawa, hupokewa kwa uso mkunjufu. Mnunuzi anataka kujua nini atakipata atakapotia mkono katika gunia asiloliona.

Sasa tazameni jambo lililotokea Ford mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kampuni ya Ford ilikuwa na hisa katika Mazda ya Japani, na giaboksi ya namna moja, kwa michoro ile ile, ilitengenezwa na pande zote mbili: Ford katika kiwanda chake cha Batavia, Ohio, na Mazda kwao Japani. Zikafungwa katika gari za namna moja, zikauzwa kwa Wamarekani. Baada ya muda Ford ikaona katika madaftari yake ya dhamana kuwa giaboksi za Mazda zinarudi kwa matengenezo kidogo sana, na waendeshaji wanazisifu kwa ulaini. Wakazifungua za pande zote mbili wakazipima kipande kwa kipande. Vipande vya Ford havikuwa na kosa, vyote vilikuwa ndani ya kipimo kilichoruhusiwa. Lakini vya Mazda vilifanana mno, hata husimuliwa kwamba mpimaji alidhani chombo chake cha kupimia kimeharibika, kwa kuwa kila alipopima alipata jambo lile lile.

Kwa nini hilo lidhuru, ikiwa vyote viliruhusiwa? Kwa sababu kipimo kilichoruhusiwa kina juu na chini. Tundu likiwa kubwa kidogo, na mhimili unaoingia ndani yake ukawa mwembamba kidogo, kila kimoja kimepasi peke yake. Vikikutana vinalegea, na kilicholegea hugonga, na kinachogonga huliwa. Katika giaboksi moja mikutano ya namna hiyo ni mingi. Basi gari mbovu huweza kuundwa kwa vipande ambavyo kila kimoja kimepita mtihani.

Upande wa Detroit katika miaka hiyo kazi ilihesabiwa kwa wingi. Mfano wake unaotajwa sana ni Chevrolet Vega, iliyotolewa mwaka 1970 kwa kusudi la kushindana na gari ndogo za kigeni. Iliundwa Lordstown, Ohio, kwa mwendo wa gari kiasi cha 100 kwa saa, yaani mfanyakazi ana sekunde 36 kwa kila gari. Injini yake ilikuwa ya alumini na silinda hazikuvishwa chuma ndani. Ikipata moto huharibika na kuanza kula oili, na madgadi ya mbele yaliliwa na kutu mapema. Mwaka 1972 wafanyakazi waligoma kwa ajili ya mwendo ule. Mwaka uliofuata, Oktoba 1973, mafuta yakaadimika na kupanda bei ulimwenguni, Wamarekani wakakimbilia gari ndogo, na zilizokuwa tayari zikawangojea zilikuwa Datsun, Toyota na Honda. Waliozinunua kwa ajili ya petroli wakashangaa kuwa pia haziharibiki. Kufika 1981 Japani ilikubali, kwa kubanwa na Marekani, kutopeleka huko zaidi ya gari 1,680,000 kwa mwaka.

Wako waliosema siri ni Wajapani wenyewe, tabia zao na utii wao. Jawabu la maneno hayo lilitoka Fremont, California. General Motors ilikuwa na kiwanda hapo ambacho sifa yake ilikuwa mbaya kabisa: wafanyakazi walikuwa hawaji kazini, mmoja kwa watano siku nyingine, ugomvi na wasimamizi hauishi, na gari zinazotoka zina kasoro tele. Mwaka 1982 kikafungwa. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia wa General Motors na Toyota, kikaitwa NUMMI. Wengi wa walioajiriwa walikuwa ni wale wale wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi ni kile kile. Mamia kati yao walipelekwa Japani, katika kiwanda cha Takaoka, kujifunza kazi na kuona kamba ikivutwa bila ya mtu kukemewa. Haukupita muda mrefu, gari za Fremont zikawa karibu sawa kwa uzuri na za Takaoka. Watu hawakubadilika, wala jua la California halikubadilika. Kiwanda kilibaki hivyo mpaka Aprili 2010, na jengo lake sasa linatengeneza gari za umeme za Tesla.

Na hapo Fremont palitokea kichekesho ambacho mnunuzi wa gari iliyotumika angefaa akiweke moyoni. Katika mstari mmoja, kwa mikono ile ile, ziliundwa Toyota Corolla na gari nyingine iliyopewa jina la Kimarekani, Prizm. Chini ya boneti ni ndugu wa tumbo moja. Lakini zilipofika katika soko la gari kuukuu Prizm ilikwenda kwa bei ndogo, kwa ajili ya jina tu. Jambo kama hilo liko katika pikapu: Ford Ranger na Mazda BT-50 za kabla ya 2011 ni gari moja kwa mfupa, majina mawili. Hata leo uraia wa gari ni mgumu kuujua. Toyota Camry za Wamarekani zimekuwa zikiundwa Georgetown, Kentucky, tangu 1988. Nayo Ford Ranger ya usukani wa kulia inayoonekana katika nchi zetu huundwa Afrika Kusini au Thailand.

Kwetu Afrika Mashariki sifa ya Mjapani ilijengwa pia na mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa matope na vumbi. Mwaka 1964 Wamarekani walileta kundi la Mercury Comet, gari kubwa na zenye nguvu, na hazikufika mbele. Mwaka 1970 Datsun ikashinda, ikashinda tena 1971 na 1973, kisha mfululizo 1979 mpaka 1982 kwa mkono wa Shekhar Mehta wa Kenya. Wazee wetu wengi waliisikia khabari hiyo redioni. Lakini gari ya mashindano hutayarishwa na mafundi usiku na mchana, na mimi siipi uzito mkubwa kuliko daftari la dhamana.

Sasa tugeuze upande wa pili wa sarafu, maana mwenye kusifu bila ya kutoa aibu ni dalali. Datsun na Toyota za miaka ya 1970 zilikuwa zikiliwa na kutu vibaya, na mwaka 2016 Toyota ilikubali huko Marekani kulipia chesi za pikapu na gari zake zilizoliwa na kutu, kwa gharama iliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Sisi tunaoishi na upepo wa chumvi hatuna haja ya kuelezwa zaidi. Mwaka 2009 na 2010 Toyota hiyo hiyo iliziita mamilioni ya gari zirudi gereji kwa mambo ya pedali ya mafuta, na mwaka 2014 ikalipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.2 kwa kuficha ukweli. Nissan imesumbuliwa na giaboksi zake za otomatiki za mkanda, zile ziitwazo CVT, hata ikaongeza muda wa dhamana. Mwaka 2023 Daihatsu ilikiri kuwa imekuwa ikidanganya katika majaribio ya usalama kwa miaka mingi. Na General Motors, ili tusimwache mtu, mwaka 2014 iliziita gari ndogo kiasi cha milioni 2.6 kwa ajili ya swichi ya ufunguo iliyokuwa ikizima injini njiani. Mfuko wa fidia ulihesabu vifo 124. Kampuni hiyo ilijua kasoro ile kwa miaka kabla haijasema. Kamba haikuvutwa.

Basi kwa mwanachama anayenunua hapa visiwani, shauri langu ni hili. Hesabu za Wamarekani ni za gari mpya kwa sehemu kubwa, na sisi hatununui mpya. Tunanunua gari iliyokwisha tumika miaka kumi au zaidi, na yaliyo muhimu hapo hayako katika jina. Gari za Kijapani zinatujia kwa wingi kwa sababu Japani nao hupita kushoto kama sisi, usukani ni kulia, na kwa sababu ukaguzi wa lazima wa kwao, ambao kwa gari ya kawaida huja mwaka wa tatu na kisha kila miaka miwili, una gharama, hata mwenye gari huona afadhali aiuze. Kwa hiyo spea zake zipo na mafundi wetu wanazijua. Gari ya Kimarekani yenye usukani wa kushoto, hata iwe nzima namna gani, itakupa tabu ya kupita wengine njiani, na kipande chake kikivunjika utakingojea kwa wiki. Hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu wa shamba achague Mjapani. Lakini asilipe nyongeza kubwa kwa neno Toyota kama chesi imeliwa chini. Ailaze fundi chini ya gari na taa na nyundo ndogo, agonge, asikilize. Na aliyebadilishiwa namba za mwendo katika dashi atajulikana kwa pedali zilizolika na usukani uliochakaa.

La mwisho nimeliweka hapa kwa sababu ni la roho za watu. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa, ile inayofumuka kumkinga dereva gari inapogonga, na ikaziuzia kampuni nyingi, za Kijapani na za Kimarekani pia: Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, Mitsubishi, Ford, General Motors na nyinginezo. Dawa iliyotiwa ndani yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha siku ya kufumuka hupasua kikombe chake na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Wameshakufa zaidi ya watu 30 duniani, miongoni mwao wa Malaysia, nchi ya joto na mvua kama yetu. Takata ilifilisika mwaka 2017. Vifaa kiasi cha milioni 100 viliamrishwa kubadilishwa. Tangu Mei 2018 serikali ya Japani ilizuia gari za hatari kubwa zisipasishwe katika ukaguzi mpaka zibadilishwe. Lakini gari iliyotoka Japani kabla ya hapo yaweza kuwa haikuguswa, na inaendeshwa hapa na mtoto amekaa mbele.

Kwa hiyo mwenye gari iliyotengenezwa baina ya 2000 na 2015, iwe ya nchi yoyote, aandike namba yake ya chesi. Imeandikwa katika kadi ya gari, na imepigwa pia katika bamba ndani ya boneti au penye nguzo ya mlango. Kampuni zilizotengeneza gari hizo hujibu kwa namba hiyo kama gari imo katika orodha na kama imeshabadilishwa. Anayenunua sasa, amtake muuzaji jawabu hilo kwa maandishi kabla ya kutoa fedha. Na asiyejua pa kuuliza alete kadi afisini siku yoyote ya kazi asubuhi; karani atainakili namba na kuipeleka, na jawabu likija tutampelekea tawini kwake.

Wenu,
Katibu